Mabinti wa Bwana Kesho

Rexdale, Toronto
Jumapili, 7 Machi 2010

Dada yangu mpendwa Spéciose,

Pokea salamu zangu kabla ya neno lingine lolote. Sisi huku tu wazima, tunakula, tunalala kadiri mtoto anavyoturuhusu, na Mungu tunamshukuru. Wewe je? Lile goti limepona, au bado unapanda ngazi za soko umeshika ukuta? Leonce amemaliza mitihani yake? Mwambie mama yake mdogo anamwulizia, na kwamba ile picha aliyoituma akiwa na tai imebandikwa kwenye friji yangu, kila mgeni anaulizwa kama amewahi kuona kijana nadhifu kama huyo.

Nakuandikia nikiwa kwenye chumba cha kufulia, chini kabisa ya jengo letu, nangoja mashine mbili zimalize nguo za watoto. Ni saa pekee katika wiki ninayokaa bila mtu kunivuta sketi. Mume wangu Télesphore amerudi jana na lori, ndiye yuko nao juu. Ukiona mwandiko umepinda, ni mashine zinatikisa meza.

Ornella ametimiza miaka minane. Nikimwambia kwa Kiswahili aoge, ananijibu kwa Kiingereza kwamba ameshaoga, na hajaoga. Brice anaota meno ya juu, kila kitu anakitia mdomoni, juzi nimemkuta na kandambili. Mimi bado niko kiwanda kile karibu na uwanja wa ndege, tunapanga chakula cha abiria kwenye visahani: kipande cha kuku, wali, karoti tatu. Nikifumba macho naona karoti. Natoka saa kumi na moja alfajiri kuwahi basi la Kipling, na nikirudi mchana nakuta watoto wawili na mzee mmoja, niliowaachia jirani, wote wananitazama kama mlango wa duka uliochelewa kufunguliwa.

Barua hii utapewa na Eustache, tunasali naye kanisa moja. Anasafiri Alhamisi kuja kumwona mama yake hapo Bujumbura. Ningeweza kukupigia simu, lakini mimi na wewe tunajua kinachotokea nikimtaja Baba kwenye simu. Karatasi haikati. Unaweza kuichana, ila najua hutaichana kabla hujafika mwisho, maana wewe ndiye uliyenifundisha kusoma na wewe ndiye uliyenichapa nilipochana daftari.

Basi nakuandikia habari za Baba. Kaa kitako, Dada.

Huenda mengine unayajua. Mimi sikuyajua, kwa sababu katika nyumba uliyonilelea jina lake lilikuwa halitajwi. Nilijua tu kwamba baba yetu, Bonaventure, alikuwa mwigizaji, na kwamba neno hilo ukilisema wewe lilikuwa tusi. Alipofika huku mwaka 2007, karatasi zake zilipotoka, nilimpokea uwanja wa ndege kama mtu anayempokea mgeni wa jirani. Nilimpa kitanda karibu na dirisha, ghorofa ya kumi na moja. Tulizungumza habari za dawa na habari za baridi, basi.

Aliyenifungulia maisha yake ni mama mmoja wa jengoni humu, Mama Gulnar. Ni Mwismaili, amezaliwa hapo hapo Bujumbura wakati ule ikiitwa Usumbura, baba yake alikuwa na duka la vitambaa. Siku moja ya upepo mkali tumeingia kwenye lifti mimi na Baba, macho yake yanatiririka machozi kwa ule upepo, na mama huyu mwenye mkongojo akamtazama, akamtazama tena, halafu akaanza kucheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia kwa Kiswahili, "Wewe! Si ulikufa mtoni?" Baba akavua kofia akamwinamia, akasema alikufa kweli, lakini alisahau kwenda. Nilikuwa sijawahi kumwona Baba akifanya mzaha. Kuanzia hapo Mama Gulnar akawa anakuja kunywa chai, na mimi nikikunja nguo nikawa nasikiliza.

Kumbe ilikuwa hivi. Mwaka 1953 Baba alikuwa na miaka ishirini, anaosha sufuria katika jiko la misheni, Bukavu. Padre mmoja mwenye kamera akamkuta nyuma ya jiko anamwiga mkaguzi wa shule anavyotembea, wapishi wote wamelala chini kwa kicheko. Padre hakukasirika, akamtia kwenye filamu. Wakampa koti lililopasuka na jina la Bwana Kesho: mtu ambaye kila kazi anasema ataifanya kesho. Paa linavuja, kesho. Mtoto anaumwa, kesho, na mwisho wake kila mara analia machozi. Filamu kumi na moja. Lori la misheni lilizunguka na mashine ya umeme, shuka likatandazwa ukutani, na watu wakaja kutoka milimani kumcheka. Picha zile hazikuwa na sauti, Dada. Katekista alisimama pembeni na kipaza sauti, akimsemea. Baba anasema alikuwa akijificha nyuma ya umati na kusikia mdomo wake unatoa sauti ya mtu mwingine, na yule katekista alikuwa anaongeza utani wake mwenyewe.

Mwaka 1957 padre alikuwa anarudi kwao, akataka Bwana Kesho afe ili watu wapate fundisho. Katika filamu ya mwisho Bwana Kesho akaambiwa na chifu atengeneze daraja la magogo, akasema kesho; mvua ikanyesha, daraja likakatika yeye akiwa juu yake. Walimpiga picha akianguka, kisha wakatupa mtoni sanamu la majani lililovaa koti lake. Lori likazunguka na filamu hiyo, na kabla Baba hajapata ruhusa ya kwenda nyumbani, lori likawa limefika kijijini kwao.

Bibi alikuwa hajawahi kuona filamu maishani mwake. Wakamwambia ni mchezo. Akawajibu kwamba koti lile ni la mwanawe, kifungo cha pili alikishona yeye kwa uzi mwekundu siku alipokuja nalo likizo, na maji yale ni maji. Wakaweka matanga. Wakanyoa nywele. Mwili haukuwepo, basi wakakata mgomba, wakauvika sanda, wakauzika. Baada ya wiki tatu Baba akatokea njiani na kilo ya sukari, watu wakakimbia. Bibi peke yake hakukimbia, wala hakumkumbatia. Alimkalisha uani, akampa jembe, akamwambia hataingia ndani ya nyumba mpaka aufukue mgomba wake mwenyewe. Akafukua, kijiji kizima kikitazama. Mtu mmoja akaanza kucheka, wakacheka wote.

Nikamwuliza kama yeye naye alicheka. Akasema alicheka zaidi yao, alikuwa kijana.

Baada ya uhuru akaenda Lubumbashi, kwenye jukwaa, kwa sababu alitaka kusema kwa sauti yake. Alikuwa anataka kuigiza wafalme. Siku moja wakampa mfalme, akajifungia mwezi mzima mbele ya kioo akijifunza kutembea polepole. Usiku wa kwanza akaingia na taji, na kabla hajafungua mdomo mtu wa viti vya nyuma akapiga kelele akimwuliza kama lile daraja limekwisha. Ukumbi ukavunjika mbavu kwa kicheko. Kiongozi wa kikundi hakumlaumu, ila tangu siku hiyo alimpa walevi na wajinga tu, miaka kumi na tano. Alitembezwa Kinshasa, Kisangani, Kigali. Watu walimpenda, Dada. Sokoni hawakutaka alipie ndizi. Lakini hapakuwa na mtu aliyeweza kumtazama bila kucheka.

Ya mwaka 1980 sitakusimulia, wewe ulikuwepo. Ulikuwa na miaka kumi na minne na mimi miaka miwili, na wanasema nililala mgongoni kwako muda wote Mama alipokuwa anazikwa. Telegramu ilikuwa imemfikia Baba Lubumbashi, na yeye akapanda jukwaani siku tatu zaidi, akawachekesha watu, akafika tumekwisha kufagia vumbi la matanga. Ulimwambia mbele ya wajomba kwamba yeye ni Bwana Kesho kweli, na kwamba kwako amekufa. Halafu ukanichukua, na hukunirudisha. Uliacha shule kwa ajili yangu. Sisahau. Kila ninapomfunga Brice mgongoni nakumbuka mgongo ulionibeba mimi.

Sasa, Baba anakufa. Naliandika hivyo hivyo kwa sababu wewe hupendi maneno yanayozunguka. Ni moyo, na figo nazo zimechoka. Tangu mwaka mpya yuko kitandani, ana mrija wa hewa puani, na daktari ameniambia tuhesabu wiki, tusihesabu miezi. Alipojua, aliomba kitu kimoja: asikie sauti yako. Ndiyo siku ile niliyokupigia mwezi wa kwanza, ukaniambia, "Mwambie matanga yake nilikwisha kuyamaliza," ukakata.

Dada, sikuweza kumfikishia. Nilirudi chumbani nikamwambia simu zenu zina matatizo, utapiga kesho. Kesho yake nikamwambia Leonce ana homa, utapiga kesho. Siku ya tatu nikajisikia nikisema neno hilo, na Baba akanitazama kwa namna fulani, nikatoka nikaenda kulia bafuni bomba likiwa wazi.

Haya ninayoandika sasa ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Jumamosi ya tarehe kumi na sita nilimwambia Baba nashuka kufua. Sikushuka. Nilikwenda kwa Mama Gulnar, milango mitatu kutoka kwetu, nikampa Brice ampakate, nikafunika simu kwa kilemba changu, nikapiga namba ya nyumbani kwangu. Baba akapokea. Nikasema, "Haya, sema," kama unavyosema wewe, na kile kikohozi chako kifupi kabla. Mtu akikulea unamchukua mpaka kikohozi. Akauliza, "Spéciose?" Nikasema ndiyo.

Nilifanya hivyo Jumamosi saba. Nilimwambia habari za soko, za goti, za Leonce na tai yake. Nilijitahidi kuwa mkali kidogo. Siku moja Brice akalia, nikasema ni mtoto wa jirani, Baba akasema mtoto huyo ana mapafu mazuri. Mama Gulnar alikuwa akitikisa kichwa na kumpa Brice biskuti. Aliniambia tangu siku ya kwanza kwamba ninacheza na kitu cha mwenyewe. Nikamjibu kwamba ni Jumamosi moja tu. Unaona nilivyokuwa.

Jumamosi ya saba, juma lililopita, Baba alisema anataka kukueleza zile siku tatu, nisimkatize. Alisema kwamba Bibi alipofariki, mwaka 1971, alisimama kaburini akamlilia mama yake, na watu walipoona machozi yale wakaona uso wa Bwana Kesho. Mmoja akabana kicheko, mwingine akashindwa, na mwishowe katekista mwenyewe akageuka pembeni mabega yanamtetemeka. Mama yake akateremshwa watu wakicheka. Ilipomfikia habari ya Mama yetu, alifunga sanduku lake saa ile ile, akafika mpaka kituo cha treni, akakaa juu ya sanduku. Pale pale, kwa macho ya moyo, akakuona wewe umesimama kaburini, na watu wakianza kucheka nyuma yako kwa sababu baba yako analia. Akaiacha treni ikaondoka. Alirudi jukwaani kwa kuwa pale, angalau, kucheka kulikuwa na mahali pake. Akangoja mpaka aliposadiki kwamba kaburi limefunikwa, ndipo akaja. Alisema hajui kama alifanya vyema. Anajua tu kwamba wewe ulibaki peke yako, na kwamba hakuwahi kukueleza kwa sababu kila alipojaribu moyoni ilisikika kama kisingizio. Kisha akaomba umsamehe.

Nilikuwa nimesimama jikoni kwa Mama Gulnar, Dada, simu imelowa kwenye kilemba. Nikasema, "Nimekusamehe, Baba."

Nilisema kwa jina lako. Kitu ambacho hukukitoa miaka thelathini nilikitoa mimi, kwa sauti yako, bila ruhusa yako. Hilo ndilo ninaloungama.

Halafu akasema, polepole, "Spéciose asingenisamehe kabla hajanikemea. Rudi nyumbani, Pulchérie. Umefanya kazi nzuri, mama."

Nilirudi na Brice mkononi, sijui niweke uso wangu wapi. Alikuwa ameketi na mto mgongoni. Alijua tangu Jumamosi ya kwanza. Akaniambia Bujumbura ni mbali, mtu akisema huko neno linachelewa kidogo kabla halijafika sikioni, na mimi nilikuwa nikimdaka kabla hajafunga mdomo. Aliyekaa jukwaani miaka ishirini na tano, akasema, anajua mwenzake yuko hatua ngapi. Nikamwuliza kwa nini basi aliniacha niendelee. Akasema mwanzoni alitaka tu kuisikia ile "haya, sema." Na zile habari za kaburini alizijaribu kwangu ili asikie zinavyosikika, kwa sababu anazikariri tangu mwaka 1980 na hajawahi kuzisema kwa sauti.

Kisha akawa mkali, Dada, mara ya kwanza tangu afike. Alisema maisha yake yote watu wamemtia maneno mdomoni, katekista, padre, viongozi wa vikundi, na yeye hataki kufa na msamaha wa kuigiza. Akanitaka nikuandikie yote, na hata yale ya kaburini nikuandikie mimi, kwa sababu anazijua pumzi zake zilizobaki. Akasema kwamba kukemewa na Spéciose mwenyewe ni bora kwake kuliko kusamehewa na Pulchérie.

Kwa hiyo, Dada, naomba msamaha kwa kosa langu. Langu, si lake. Ukinikasirikia nitapokea, nilikwisha kupokea viboko vyako na vilinifaa. Kwa upande wa Baba sikuombi umsamehe. Nilikuwa mtoto mgongoni, sikuona ulichokiona, na sina haki ya kukuambia kimekwisha. Lakini nitakuambia kitu kimoja kwa ukali ulionifundisha. Ulisema matanga yake umeyamaliza. Hujayamaliza. Mtu aliyemaliza matanga hakati simu, anaiacha tu ilie.

Mpigie. Mkemee. Mwambie yote uliyoyaweka, tangu siku ile, na kama yataisha bila neno la huruma, na yaishe hivyo. Anachongoja ni hicho. Jumamosi tarehe ishirini, saa kumi jioni ya kwenu. Wiki ijayo huku wanasogeza saa mbele, nimepiga hesabu mara mbili. Itakuwa saa nne asubuhi kwetu. Nitamwekea simu kifuani na kutoka na watoto, nitasimama kwenye ukumbi mpaka mmalize. Kama Mungu atamchukua kabla, nitakupigia siku hiyo hiyo, na nitasema, "Ni mimi, Pulchérie," mara ya kwanza kabisa, ili usiwe na shaka ni nani anayesema.

Msalimie Leonce sana, na majirani wote wa pale sokoni wanaonikumbuka. Ornella anakusalimu, amejifunza kusema "shikamoo, mama mkubwa" bila kucheka. Télesphore anakusalimu kwa heshima. Mama Gulnar anauliza kama duka la baba yake, lile la kona karibu na soko kuu, bado lina mlango wa kijani.

Salamu za Baba siziandiki. Nilimwuliza leo asubuhi nikuandikie nini kutoka kwake, akakataa. Alisema atazitoa mwenyewe, au ataondoka nazo.

Mashine zimesimama, napanda na nguo.

Mimi mdogo wako, uliyemlea,
Pulchérie